Kijana wa Jang'ombe, maneno ya Manzese: nimkataze?

Swali: "Assalamu alaykum. Ninaishi Jang'ombe, Unguja. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Tangu mwaka jana maneno yake yote ni ya vijana wa Dar es Salaam: niaje, oya, kinoma, kuzingua. Baba yake kamgeuza 'dingi', mimi 'maza'. Juzi alimwambia ami yake 'oya mwanangu, kausha', nyumba haikukalika. Halafu nikamsikia kwenye simu akisema ana 'arosto', na usiku ule sikulala. Babu yake aliyeko Makunduchi anasema hamfahamu tena, na kwamba Kiunguja ndivyo kinavyokwisha. Skuli nako mwalimu kamkata alama za insha kwa maneno hayohayo. Je, nimkataze? Na ni kweli lugha yetu inakufa?"

Waalaykumu ssalaam, mama. Nianze na lililokukosesha usingizi, mengine yana muda.

Arosto ni neno la mateja. Ni ile hali inayompata mtumiaji wa unga, yaani heroini, akiukosa: viungo vinauma, makamasi yanachuruzika, tumbo linamkata, hatulii. Neno limetoka huko likaingia mitaani, na kama kawaida ya maneno ya mitaani, likapoteza ukali wake njiani. Siku hizi kijana akiishiwa bando anasema ana arosto. Akitamani chipsi, arosto. Hata mshabiki ambaye timu yake haijacheza wiki mbili utamsikia akilalamika ana arosto ya mpira. Kwa hiyo neno lenyewe halimtii hatiani. La kumuuliza ni moja tu, na umuulize kwa utulivu: arosto ya nini? Akicheka akakwambia bando, mnunulie au usimnunulie, hilo ni lenu.

Ila usilipuuze moja kwa moja. Neno hilo likianza kufuatana na ndugu zake, kete, pusha, na mengine ya biashara ile, na vitu vikawa vinapotea nyumbani, na mtoto akakonda na kulala mchana kutwa, hapo hulisikilizi neno tena, unamwangalia mtoto. Visiwa vyetu vimeumizwa na unga, na si bure kwamba nyumba za soba, za kuwasaidia wanaoacha unga, zipo. Wanaoziendesha wengi wao wamepita njia hiyohiyo, na ndio wa kuwaendea. Mtu wa lugha kama mimi hatakufaa kwa hilo.

Sasa la ami yake. Hapa namlaumu kijana, tena bila kumtafutia udhuru. Kwa vijana wa Dar "mwanangu" ni rafiki wa damu, mwenzangu wa kufa na kupona, wala hakuna anayefikiria nani kamzaa nani. Lakini neno hilo lina rika lake. Mtoto wa miaka 16 kumwita ndugu wa baba yake "mwanangu" kwenye ukumbi wa nyumba ya Jang'ombe, halafu akamalizia na "kausha", yaani nyamaza, ni kukosa adabu kwa lugha yoyote ile. Angeweza kumkosea kwa Kiswahili fasaha cha redioni na kosa likabaki lilelile. Amwendee ami yake amtake radhi. Hilo ni suala la kujua unazungumza na nani, na ndilo ninalotaka ulishike, maana tutalirudia.

Kuhusu dingi na maza, mimi nisingepigana vita. Muulize tu mbele ya wageni anakwitaje. Kama mbele ya watu wewe ni mama na baba ni baba, basi ana akili zake.

Babu ana hofu ya haki, lakini nadhani ameielekeza pasipo pake.

Vijana wa Unguja hawakuanza leo kuzungumza kwa namna ambayo wazee hawaifahamu. Askofu Edward Steere, yule wa kanisa la Mkunazini, aliyekaa hapa karne ya 19 akikusanya hadithi na maneno ya Kiunguja, alikuta watu wanasema kinyume. Silabi ya mwisho unaitoa mwishoni unaipeleka mbele: nyumba ikawa mbanyu, rafiki akawa kirafi, chakula kikawa lachaku. Ukisema pole pole anayesikiliza anaweza kukufuma. Ukisema haraka kama wasemavyo waliozoea, mkubwa anabaki kukodoa macho. Kazi yake ilikuwa ileile ya maneno ya mwanao: kusema mbele ya watu jambo ambalo si la watu wote. Ukiwa umekulia mjini, huenda wewe mwenyewe uliwahi kuyacheza hayo skuli, na mama yako akakukaripia.

Na nenda Mji Mkongwe, pale njia kadhaa zinapokutana, wazee wanapokunywa kahawa na kucheza bao na dhumna. Panaitwa Jaws Corner. Jina hilo ni la filamu ya papa mla watu ya mwaka 1975, iliyowashika watu wa baraza ile walipoiona kwenye televisheni. Nimewahi kukaa pale nikamsikiliza mzee mmoja akisikitika kwa dakika nyingi, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba vijana wa leo wanaokota kila kilicho cha kigeni. Alikuwa amekaa chini ya jina hilohilo. Sikumwambia kitu, kahawa ilikuwa nzuri na yeye ndiye aliyeilipia.

Maneno ya Dar yanafikaje Jang'ombe? Boti ya kutoka Dar ni kama saa mbili tu, lakini siku hizi neno halingoji boti. Linakuja na bongo fleva na singeli, linakuja na video fupi za simuni, na zaidi ya yote, kwa maoni yangu, linakuja na mpira. Huwezi kuwa mshabiki wa Simba au Yanga huku visiwani usijue utopolo ni nani na makolo ni nani, na matani hayo hayafasiriki kwa lugha ya kistaarabu, yakifasiriwa yanakufa. Kuna pia wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma vyuo vikuu vya bara wakarudi na ulimi mpya, na vijana wa bara wanaokuja kufanya kazi hoteli za Paje na Nungwi. Hapo hapana njama ya mtu.

Tena mzee asisahau kwamba safari hiyo ilianza kwa upande wetu. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita cha Mombasa kikaachwa, na kuanzia mwaka 1930 kukawa na kamati ya Afrika Mashariki ya kusimamia jambo hilo. Watoto wa Tabora na Songea wakafundishwa kwa lugha ya mitaa yetu. Tumewapa sarufi, wao wanaturudishia misimu. Mzani bado uko upande wetu.

Na sarufi ndiyo inayonifanya nisiogope. Chukua hilo hilo kuzingua. Wazee wanalijua kwa maana nyingine, kumzingua mtu ni kumwondolea uchawi aliofungwa nao. Vijana wakaligeuza: kuzingua ni kuharibu mambo, kuleta ujinga, kumsumbua mtu. Sasa angalia wanavyolichezesha: kanizingua, tumezinguana, usinizingulie, nshazinguliwa. Viambishi vyote viko mahali pake, kauli ya kutendwa ipo, ya kutendana ipo, ya kutendea ipo. Na hiyo nsha- ya mbele si ya Manzese, mama. Hiyo ni yetu, mwanao hakuitoa kwenye simu. Neno lenyewe limeshapanda mpaka Ikulu: mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni mzaliwa wa Makunduchi kama huyo babu, aliwaonya viongozi aliowateua kwamba wakizingua watazinguana. Nchi nzima ilifahamu. Mzee wetu naye, nina hakika, alifahamu.

Msikilize pia anavyotamka. Vijana wengi wa mjini hapa wanasema dhambi, thelathini, ghali, kila herufi na makhraji yake, kwa sababu wamekaa chuoni na mwalimu wa Kurani hakuwaachia. Msimu wa Dar ukipita kwenye ulimi huo unatoka na lafudhi ya hapa. Wenzao wa bara wanawajua kwa sentensi ya kwanza.

Wapo wanaotutisha na Sheng ya Nairobi, eti tutafika huko. Siamini, na sababu yake iko kwenye mazingira. Sheng ilikulia mitaa ya Eastlands, kwenye nyumba ambazo huyu mama yake anasema Kikuyu, yule Kijaluo, mwengine Kikamba, skuli ni Kiingereza, na Kiswahili ndicho cha kukutania uwanjani. Watoto wale walihitaji kitu chao cha kuwaunganisha, wakakitengeneza kwa vipande vya lugha zote hizo, na leo wapo watu wazima ambao hiyo ndiyo lugha yao ya kila siku. Mwanao hana shida hiyo. Yeye, rafiki yake na adui yake wote wamezaliwa na Kiswahili mdomoni. Alichonacho ni maneno mia mbili au tatu ya kujipambia, na mengi kati ya hayo atakuwa ameyatupa kabla hajaoa. Jaribu kumwambia kijana wa leo neno lililokuwa linatamba wewe ulipokuwa na miaka yake uone atakavyokutazama.

Machache yatabaki. Daladala lilikuwa neno la mitaani, kutokana na sarafu ya shilingi tano iliyokuwa ikiitwa dala. Leo liko kwenye kamusi, na watu wanalitamka bila kucheka.

Na kwa kuwa tumelitaja, panda siku moja gari ya 505 ya uwanja wa ndege, ukae karibu na mlango, umsikilize konda. Nilimsikiliza mmoja hivi karibuni, kijana asiyezidi miaka ishirini. Kwa mwenzake aliyening'inia nyuma: "Oya mwanangu, piga kofi twende, jamaa anazingua." Hapo hapo akapanda bibi na kikapu cha tungule, sauti ikashuka: "Subalkheri bi mkubwa, taratibu, nipe kikapu nikupokee." Mbele kidogo wakapanda watalii wawili na mabegi, akawaelekeza kwa Kiingereza cha kutosha na kuwatajia nauli kwa Kitaliano. Simu ikalia, akaitazama kwanza, akavuta pumzi: "Naam mama. Nshafika Kiembe Samaki. Inshaallah." Huyo konda hakuharibikiwa na lugha hata kidogo. Ana lugha nne mfukoni na anajua ipi ya nani. Mwanao alimtolea ami yake ile ya mwenzake wa nyuma ya gari. Anahitaji kufundishwa kuchagua, na kukataza hakufundishi kuchagua.

Huko pwani ya mashariki na kaskazini mambo yamechanganyika zaidi, na hapo ndipo mimi huwa nashangaa kwamba wazee hawapigi kelele. Kiwengwa na Nungwi utakuta papasi, wale vijana wanaowafuata watalii, wa miaka kumi na tisa, hajamaliza skuli, anapiga Kitaliano kama maji. Maneno ya Kitaliano yameanza kuingia kwenye mazungumzo yao wenyewe, hata wasipokuwapo wageni. Halafu kuna kile Kiswahili cha kuuzia: "jambo" tupu isiyojibika, "hakuna matata" ambayo hakuna mtu wa hapa anayemwambia jirani yake (sisi husema hapana neno, au hamna shida), na lile la kuwafundisha wageni wakiulizwa mambo wajibu "poa kichizi kama ndizi". Ni mchezo, nao una riziki ndani yake. Lakini kama ningekuwa na mtoto wa kuhofia lugha yake, ningemhofia zaidi yule anayeanza kuamini kwamba hicho cha ufukweni ndicho Kiswahili.

Sasa nije pale ambapo babu ana haki, kuliko mwenyewe anavyojua.

Nikuulize, mama: mwanao anakifahamu Kikae, lahaja ya Makunduchi? Si kukisema, kukifahamu tu, babu na wenzake wakiwa barazani Makunduchi wanazungumza yao. Wewe mwenyewe unakisema? Baba yake anapompigia simu mzee, anamsemesha Kikae, au anamsemesha Kiunguja cha mjini na mzee ndiye anayejipinda ili afahamike? Nimeona nyumba nyingi za mjini zenye asili ya Makunduchi, Tumbatu, Kojani na Micheweni, na jibu karibu kila mara ni hilo la pili. Bongo fleva haikuhusika. Kikae kiliondoka nyumbani kwenu mapema zaidi, siku mtu mzima mmoja alipoona haya kukisema mbele ya watu wa mjini.

Haya hiyo tunaipandikiza wenyewe. Mtoto aliyetoka Pemba akiingia skuli ya mjini Unguja na lafudhi yake anachekwa darasani, na mara nyingine mwalimu anacheka naye. Haupiti muda ameshaifuta. Tukitaka kuchekesha jukwaani, tunamwigiza Mpemba. Mvuvi wa dago aliyezunguka kambi za Tanga na pwani ya Kenya na kuokota maneno ya kila bandari, mtu mwenye Kiswahili kipana kuliko cha profesa, akija Darajani tunamfanya mshamba. Kisha tunakaa tunalalamika kwamba "niaje" inaua lugha.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limefanya kazi ya maana kwa kutoa makamusi ya Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na kila mwenye uwezo angekuwa nayo nyumbani. Lakini kamusi haimkaripii mtoto, haimtumi dukani, haimtanii. Lahaja inakaa kwenye hizo kazi. Mwanao akiwa na mtu mmoja tu anayemgombeza kwa Kikae, ataijua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kumpeleka kwa babu, na simu yake aende nayo. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya mwezi wa Julai, vijana wa mjini hufurika Makunduchi kwenda kutazama na kupiga picha, jioni wanarudi. Yeye abaki wiki mbili mbele. Mzee aambiwe asimlainishie, amsemeshe Kikae tangu alfajiri, na kijana amrekodi akisimulia habari za uvuvi, za mashamba, za watu waliokufa. Naye mzee aulize maana ya kinoma na asikilize jibu. Nimeona vijana wa namna hii wakirudi mjini na maneno ya babu wakayatia kwenye mazungumzo yao kama misimu mipya, kwa sababu mjini hakuna mwengine anayeyajua, na kijana anapenda neno ambalo wenzake hawana. Kikae kikiingia kwa mlango wa ujana nitafurahi zaidi kuliko kikiingia kwa semina.

Kumkataza, basi, hapana. Ukimkataza hatoyaacha, ataacha kuyasema mbele yako, na wewe utakuwa umepoteza dirisha la kumsikia. Hiyo arosto usingeisikia. Weka mpaka wa mahali na watu: mbele ya wakubwa, mbele ya wageni, na mezani mkila, Kiswahili cha nyumbani. Chumbani na wenzake, awe huru. Kama una binti pia, mpaka uwe huohuo. Nimechoka kuona kaka anasema "oya" barazani watu wanacheka, dada akisema hivyohivyo anaitwa mhuni.

Limebaki la insha, na hapo mwalimu yuko sawa. Mtihani wa taifa unasahihishwa kwa Kiswahili sanifu, na msahihishaji hatamjua mwanao wala hatamcheka, atapitisha kalamu tu. Lakini kumwandikia "lugha mbaya" pembeni hakumsaidii, maana kijana haoni ubaya wake uko wapi. Mwambie aichukue ile insha aliyokatwa alama, apigie mstari kila neno la mitaani, na juu yake aandike angalau matatu ya Kiunguja yanayoweza kukaa hapo. Palipo na "alinizingua" aamue mwenyewe kama alimsumbua, alimhadaa, alimcheleweshea, alimvunjia ahadi au alimfanyia inda, kwa sababu kuzingua kunayafunika yote hayo na mtihani unataka ajue lipi ni lipi. Akikwama, nambari ya babu anayo.